Mtoto mdogo kaletwa kwa dharura, unampimaje? Anza na macho, mikono baadaye

Kila wakija wanafunzi au intani wapya (madaktari walio kwenye mafunzo ya kazi) pale mapokezi maswali ni yaleyale. Mtoto analia, nahesabuje pumzi? Presha nichukue au niache? Nianze na historia au nianze kupima? Mama anasema mtoto yuko sawa ila mimi moyo unakataa, nifanyeje? Nimejibu kwa mdomo mara nyingi sana sasa nimeona bora niyaweke yote sehemu moja. Namwandikia nesi, klinikal ofisa na intani aliyepo zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na nazungumzia watoto chini ya miaka mitano. Kama wewe ni mzazi soma tu, dalili nyingi hapa hata nyumbani utaziona, ila dozi waachie wahudumu, wewe mkimbize mtoto kituoni.

Mfumo ninaoufuata ni ETAT (utaratibu wa kuchambua, kupima na kutibu watoto wa dharura) wa Shirika la Afya Duniani, ulitengenezwa kwa ajili ya sehemu zenye wahudumu wachache na foleni ndefu kama kwetu, na kazi kubwa ya kuujaribu ilifanyika Blantyre, Malawi. Kikubwa ushike hiki: huhitaji kujua mtoto anaumwa ugonjwa gani ndo uanze kumsaidia. Unatafuta kinachomuua sasa hivi, unakishughulikia hapohapo, halafu ndo unaendelea mbele.

Kabla hujaanza shifti

Usisubiri mtoto afike ndo uanze kutafuta vitu. Ukiingia tu kagua: saa yenye mshale wa sekunde (simu inafaa ila ikiita katikati ya kuhesabu umepotea), oksimita (kipima oksijeni kwenye damu) yenye kibanio cha watoto, oksijeni ambayo umefungua mwenyewe ukasikia inatoka, na vile vimrija vya puani saizi za watoto. Ambu begi (mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua vizuri) ya watoto na barakoa zake, ibonyeze uone kama haivuji. Mashine ya kufyonza makohozi. Glukomita (kipima sukari) na stripu ambazo hazijaisha muda. Termomita, mizani, utepe wa kupimia mkono, kanula (mipira ya mshipa) za 24 na 22, dekstrosi (maji ya sukari), ringa lakteti (maji ya dripu), diazepamu (dawa ya kutuliza degedege), na sirinji za ml 1 na 2. Sukari ya kawaida ya mezani, ndiyo, iwepo kwenye trei. Na karatasi ya dozi kwa kilo ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, usiamini kichwa chako saa tisa usiku.

Hatua kwa hatua

1. Pita kwenye foleni, usikae mezani ukisubiri waje. Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote. Pita kwenye mabenchi, angalia kila mtoto usoni, na wale waliobebwa mgongoni waombe mama zao wawashushe wawapakate mbele. Nasisitiza hili la mgongoni kwa sababu nikiwa intani kwenye hospitali moja ya wilaya, siku ya Jumatatu watu wamejaa mpaka nje, kuna mama alikaa benchi la mwisho kabisa, mtoto yuko mgongoni kafunikwa kanga mpaka kichwani, katulia, sote tukajua kalala. Tulikuwa tumemzunguka mtoto mwingine kaungua vidole kwa uji, anapiga kelele jengo zima linasikia. Ilipofika zamu ya yule mama tukafungua kanga, mtoto ameshakufa. Alikuwa na miezi kumi. Mama mwenyewe hakujua muda gani mwanae amekata roho. Toka siku hiyo mtoto aliyetulia ndo namfuata kwanza, anayelia kwa nguvu najua hewa inaingia na ubongo unafanya kazi, atasubiri dakika mbili.

2. Simama hatua chache mbali, tazama kwa sekunde thelathini. Mikono mfukoni kabisa. Unatazama vitu vitatu. Kwanza mwonekano: anakutazama usoni? Anashika kitu? Analegea kama kitambaa au ana nguvu? Akilia mama akimbembeleza ananyamaza? Kilio chenyewe kina nguvu au ni kama kapaka kadogo? Pili kupumua: kifua kinafanya kazi kubwa? Tatu rangi: kapauka, ana mabaka, au kawa wa bluu? Madaktari wa watoto Marekani wanafundisha hivi vitu vitatu kwa mchoro wa pembetatu na wahudumu wa ambulensi kule wanautumia kila siku, hauhitaji kifaa chochote, na ukikuta hata upande mmoja wa pembetatu hauko sawa basi mtoto huyo harudi kwenye foleni.

Kwa watoto wetu rangi usiitafute kwenye ngozi ya mkono. Angalia ulimi na fizi kutafuta bluu, angalia viganja kutafuta weupe wa upungufu wa damu. Kiganja linganisha na cha kwako, cha mama peke yake hakitoshi maana mama naye anaweza kuwa hana damu.

3. Mwache mapajani kwa mama. Usimlaze kitandani kama hajapoteza fahamu. Ukimnyang'anya mtoto wa mwaka mmoja mikononi mwa mama umeshaharibu vipimo vyote, pumzi itapanda, mapigo yatapanda, na kama koo lilikuwa limebana kile kilio kinaweza kulifunga kabisa. Chuchumaa uwe sawa na macho yake. Msalimie mama au bibi kwanza, "shikamoo bibi, poleni, mjukuu anaitwa nani?", sekunde tatu tu hizo lakini mtoto akiona mkubwa wake anaongea na wewe vizuri naye anakuachia.

4. Njia ya hewa. Je hewa inapita? Sikiliza. Mkwaruzo mkali anapovuta hewa ndani akiwa ametulia, hiyo ni hatari, usimchunguze koo na kijiti, mwache akae anavyotaka na uite mkubwa wako wa kazi. Kama hana fahamu nyoosha kichwa: kichanga na mtoto chini ya mwaka pua iangalie juu tu, usikipinde kichwa nyuma sana maana unafunga njia yenyewe, mkubwa kidogo kidevu kiinuke zaidi. Akiwa ameumia shingo au kaanguka toka juu usipinde, inua taya tu.

Akiwa amekabwa na karanga au punje ya mahindi na hawezi kukohoa wala kulia: chini ya mwaka mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini, piga mgongoni mara tano kwa kisigino cha kiganja, mgeuze, bonyeza kifuani katikati mara tano kwa vidole viwili, rudia. Zaidi ya mwaka, piga mgongoni mara tano kisha bonyeza tumboni mara tano. Usiingize kidole mdomoni kutafuta usichokiona, unakisukuma ndani.

5. Kupumua. Fungua nguo uone kifua na tumbo, halafu hesabu dakika nzima. Siyo sekunde kumi na tano mara nne, watoto wadogo wanapumua kwa vipindi, wanakimbia wanatulia, utapata namba ya uongo. Mipaka ya kukumbuka: chini ya miezi 2 pumzi 60 au zaidi ni haraka (ukipata hivyo hesabu tena mara ya pili), miezi 2 mpaka 11 ni 50 au zaidi, miezi 12 mpaka 59 ni 40 au zaidi.

Namba peke yake haitoshi lakini. Angalia pua zinatanuka, mbavu za chini zinavutwa ndani anapovuta hewa, kichwa kinatikisika kwa kila pumzi, anaguna kila akitoa hewa. Kuguna kule wengi wanadhani mtoto analalamika tu, hapana, mwili unajaribu kuzuia mapafu yasijifunge. Akishindwa kunyonya au kunywa kwa sababu ya kupumua huyo ni dharura kamili. Na mtoto aliyekuwa anahangaika sana kupumua halafu ghafla pumzi zikapungua huku fahamu zinashuka, hajapona, amechoka, andaa ambu begi.

Weka oksimita. Chini ya 90 anza oksijeni, na kama ana alama yoyote ya dharura anza hata kabla ya kusubiri namba. Kwa watoto wengi lita 1 mpaka 2 kwa dakika puani inatosha kuanzia, kichanga nusu lita mpaka 1.

Angalizo la jiko la mkaa: mtoto aliyelala chumba kilichofungwa na jiko likiwaka oksimita inaweza kukuonyesha 98 wakati damu imejaa hewa ya sumu, mashine haiwezi kutofautisha. Ukisikia habari ya jiko mpe oksijeni nyingi bila kujali namba.

6. Mzunguko wa damu. Shika mkono wa mtoto. Una joto? Kama una joto na anachangamka songa mbele. Kama ni wa baridi, bonyeza kucha ya kidole gumba kwa sekunde 5, achia, hesabu mpaka rangi irudi. Zaidi ya sekunde 3 ni tatizo. Kisha tafuta mapigo, na hapa wengi wanakosea, wanahangaika na kifundo cha mkono kwenye mtoto wa miezi sita. Shingo yake ni fupi imejaa, we tafuta upande wa ndani wa mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, au kwenye nyonga. Mshtuko (shoki, damu haizunguki vya kutosha) kwa maana ya ETAT ni vyote vitatu kwa pamoja: mikono baridi, rangi inachelewa zaidi ya sekunde 3, mapigo dhaifu yanayokimbia.

Presha? Usipoteze muda kwanza. Mtoto anabana mishipa yake mpaka dakika ya mwisho, presha ikija kushuka ameshafika mbali, na kafu ya mtu mzima kwenye mkono wa mtoto inakupa namba isiyo na maana.

Sasa la dripu, naomba usome taratibu. Tulizoea mtoto akiwa baridi tunafungua dripu ikimbie. Mwaka 2011 ulitoka utafiti mkubwa unaitwa FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, ukiwemo Kilifi, Muheza na Mulago, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbovu. Waliomiminiwa maji haraka walikufa karibu 10.5 kwa kila 100 ndani ya saa 48, ambao hawakumiminiwa ni 7.3. Watoto wetu wenyewe hao, siyo wa mbali. Kwa hiyo mikono baridi peke yake siyo ruhusa ya kufungua dripu. Mwenye vyote vitatu anapewa taratibu, ml 10 mpaka 20 kwa kilo ndani ya dakika 30 mpaka 60, huku umekaa naye unapima pumzi na mapigo. Mwenye utapiamlo mkali au mweupe kabisa viganja ana njia yake tofauti, aliyepauka anahitaji damu, uliza mkubwa kabla hujafungua. Mtoto wa kuhara aliyekauka naye ni habari nyingine, nakuja kwake hatua ya nane.

7. Fahamu, degedege na sukari. Tumia ngazi nne: yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu tu, haitikii kabisa. Mtoto wa miezi nane hawezi kukujibu jina lake, kwa hiyo mwambie mama amwite, tazama kama anageuza macho. Ngazi ya tatu na ya nne ni dharura. Pia gusa utosi kwa wadogo akiwa amekaa hajalia, ukiwa umevimba waza homa ya uti wa mgongo.

Akiwa bado anatikisika degedege ikiwa mikononi mwako: mgeuze ubavu, fyonza mate, oksijeni, diazepamu kwa njia ya haja kubwa nusu miligramu kwa kilo, subiri dakika 10 kabla ya kurudia na ambu begi iwe pembeni. Usiweke kijiko mdomoni. Degedege nyingine ni ndogo sana, jicho linacheza upande mmoja, mdomo unatafuna, kidole kinaruka, na mtoto haitikii, hiyo nayo ni degedege.

Kila mtoto asiye na fahamu au mwenye degedege mpime sukari hapohapo, usiiache iende maabara na vingine. Chini ya 2.5 mmol kwa lita (kwa mwenye utapiamlo mkali chini ya 3) mpe dekstrosi asilimia 10, ml 5 kwa kilo. Ukiwa nayo ya asilimia 50 tu chukua ml 10 changanya na ml 40 za maji ya sindano, umepata asilimia 10.

Kuna jambo la mila hapa. Sehemu nyingi wanaamini mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, ndo maana wengine wanapitia kwa mganga kwanza wanafika wamechelewa. Usimkemee mama. Mwambie unachofanya kabla hujafanya, "mama naweka dawa kwa huku nyuma, siyo sindano, itamtuliza", na utaona anakusaidia kumshika.

8. Upungufu wa maji. Hasa akiwa anahara. Mlegevu au hana fahamu, macho yamedidimia (muulize mama kama ndo yalivyo siku zote), hawezi kunywa, na ukifinya ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu inarudi polepole zaidi ya sekunde 2. Viwili kati ya hivyo ni upungufu mkali na huyu ndo anapewa ringa lakteti ml 100 kwa kilo: chini ya mwaka 30 saa ya kwanza kisha 70 kwa saa 5, zaidi ya mwaka 30 kwa nusu saa kisha 70 kwa saa mbili na nusu. Finyo la ngozi linadanganya pande zote mbili, kwa mwenye utapiamlo inachelewa hata kama maji yapo, kwa mnene inarudi haraka hata kama amekauka.

9. Hana dharura? Bado tafuta wa kutangulizwa. Mtoto chini ya miezi 2 yeyote yule, joto kali, aliyeumia, aliyepauka, aliyekunywa sumu, mwenye maumivu makali, anayehema vibaya kiasi, anayelialia bila kutulia, aliyeletwa kwa rufaa, aliyekonda sana (mkono chini ya sentimita 11.5 kwa miezi 6 mpaka 59), aliyevimba miguu yote miwili, aliyeungua. Hawa wanasogezwa mbele ya foleni. Kichanga asiyenyonya, mwenye joto la 37.5 na zaidi au chini ya 35.5, au asiyesogea mpaka umguse, usimrudishe nyumbani hata kama homa ilishashuka.

10. Historia fupi na mwili mzima. Ameanza lini, ananyonya, ametapika, mkojo mara ya mwisho lini, dawa gani kapewa nyumbani, ana mzio. Omba kadi ya kliniki uone uzito na chanjo. Uliza kwa upole na hili: amekatwa kimeo? ameng'olewa meno ya nailoni (meno machanga yanayong'olewa kienyeji)? Fungua mdomo utazame mwenyewe, mtoto aliyepauka mwenye homa chanzo kinaweza kuwa kidonda cha fizi ambacho hakuna aliyekitaja. Amekunywa mafuta ya taa? Usimtapishe kabisa, yakipita kwenye mapafu ndo yanaua. Mate mengi na mboni ndogo, waza dawa ya shambani. Halafu vua nguo zote, geuza mgongo, tazama, mfunike tena haraka asipoe.

11. Rudia. Baada ya kila ulichofanya rudi kwenye njia ya hewa anza upya, na andika saa. "Pumzi 64 saa 8:10, pumzi 52 saa 8:40" inamsaidia anayepokea shifti kuliko "anaendelea vizuri".

Ukikwama

*Oksimita haisomi.* Pasha mkono, futa hina au rangi ya kucha, hamishia kidole gumba cha mguu, ziba mwanga. Mstari wa mapigo usipocheza vizuri usiiamini namba. Ikikataa kabisa mtazame mtoto, anayeguna na ulimi wa bluu hahitaji mashine kukuambia.

*Analia, siwezi kuhesabu pumzi.* Mpe anyonye kidogo au asubiri kwa mama ukiwa unaandika kadi, hesabu akitulia. Huwezi kusubiri? Hesabu ila andika pembeni "alikuwa analia".

*Mizani haipo au hawezi kusimama.* Uzito wa karibu: mwaka 1 na kuendelea, umri jumlisha 4 zidisha 2, wa miaka mitatu ni kilo 14. Chini ya mwaka, miezi jumlisha 9 gawa kwa 2. Mkonde sana usimkadirie hivi, utamzidishia dozi.

*Stripu za sukari zimeisha.* Hana fahamu au ana degedege, mtibu kama sukari imeshuka. Huna mshipa? Kijiko cha chai cha sukari kilicholoweshwa kwa tone moja au mawili ya maji chini ya ulimi huku unatafuta mshipa, na rudia akiimeza.

*Mama anasema leo siyo kawaida yake, mimi sioni kitu.* Mwamini mama. Mweke karibu na meza yako, rudia vipimo baada ya dakika 15.

*Inabidi rufaa.* Usimpakize akiwa na degedege au sukari hujaipima. Piga simu kule kwanza, pima mtungi wa oksijeni wa gari kama utafika mwisho wa safari, nesi aende naye na ambu begi mkononi, na kichanga kifungwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi na kofia kichwani kabla gari halijawashwa.